Kila kitu ndani, isipokuwa madafu

Mama alipofungwa bangili ya plastiki pale mapokezi ya hoteli, aliugeuzageuza mkono, kisha akaninong'oneza kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Mwanangu, hii hirizi au pingu?"

Binti wa mapokezi alicheka mpaka akashika meza. "Bi mkubwa, hiyo ndiyo pochi yako. Ukiwa nayo hulipi kitu mpaka unaondoka."

Mama akaitazama tena. Ameuza nazi na machungwa Tanga kwa miaka 30, na mtu akimwambia "hulipi kitu" yeye hukaza fundo la pindo la kanga.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni, shule zimefunga, tupo Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja. Tulikuwa wanne: Mama, mamdogo wangu, mwanangu Imran na mimi. Pesa nilizidunduliza mwaka mzima kwenye kikoba chetu cha Tabata. Kazini mimi ni mhasibu. Ninalipwa kusoma maandishi madogo ya mikataba ya watu wengine, na huu wa kwangu niliusoma nusunusu kwenye simu nikiwa nimesimama kwenye daladala. Nayaandika haya kwa sababu binamu yangu wa Muscat anakuja na watoto Desemba, naye ameniuliza: "Dada, huo mpango wa hoteli wa kila kitu ndani ni kipi na kipi?" Nilianza kumjibu kwa ujumbe wa sauti, nikafika dakika ya 11 na bado nipo mapokezi, nikaona bora niandike.

Kwanza ujue kwamba hoteli za pwani huuza chumba kilekile kwa ngazi. Ya chini ni chumba na chai ya asubuhi. Juu yake kuna hafubodi, yaani chai ya asubuhi na mlo mmoja, mara nyingi wa usiku. Halafu fulubodi, milo yote mitatu. Hapo kwenye fulubodi ndipo wengi hujikwaa, maana kwa kawaida ni chakula bila vinywaji. Unakula wali na samaki mchana, unaomba chupa ya maji, na chupa hiyo inaandikwa kwenye namba ya chumba chako. Utaikuta inakusubiri siku ya kuondoka. Ngazi ya juu kabisa ndiyo hii ya kila kitu ndani, ambayo wahudumu wakizungumza wao kwa wao huiita "ei-ai", kifupi cha Kiingereza "all inclusive". Hiyo inaongeza vinywaji, vitafunio vya katikati ya milo, na baadhi ya michezo. Hilo neno "baadhi" lishike. Sisi tunaonunua vifurushi vya simu kila siku tungepaswa kulitambua kwa mbali, kwa sababu ni mdogo wake "vigezo na masharti kuzingatiwa", ile sauti inayosomwa mbiombio mwishoni mwa tangazo.

Bei niliyopewa ilikuwa ya wakazi, shilingi 260,000 kwa mtu kwa usiku. Fulubodi ya hoteli hiyohiyo ilikuwa 200,000. Bei ya wakazi si ya kila anayejua Kiswahili, utaombwa kitambulisho cha Taifa mapokezi, na kila mtu mzima awe na chake. Na "kwa mtu" maana yake ni kwa mtu anayelala na mwenzake chumbani. Rafiki yangu wa Nairobi alikwenda Diani peke yake, akazidisha bei ya tangazo kwa usiku nne, akapanda treni hadi Miritini akiwa na furaha zake. Alipofika akaambiwa anayelala peke yake ana nyongeza. Hakuwa ameibiwa. Ilikuwa imeandikwa, chini, kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Mimi nilinaswa kwa Imran. Ametimiza miaka 12 mwezi Aprili. Nyumbani ni mtoto, kwenye boti ni mtoto wa kubishaniwa, hotelini ni mtu mzima. Nusu bei ya mtoto ilikuwa inaishia siku moja kabla hajafikisha 12. Hoteli nyingine hukata kwenye umri mwingine, na nyingine hutaka mtoto alale chumba kimoja na watu wazima wawili ndipo apate punguzo. Kwa hiyo umri ulizia kwa namba, usiulizie "watoto mnawatoza vipi?", maana utajibiwa "watoto tuna punguzo, karibu sana".

Sasa nije kwenye bia.

Usiku wa kwanza tulikaa meza ya pembeni karibu na baa. Mama alikuwa anakunywa chai ya maziwa, anamtazama baba mmoja wa makamo, mwekundu kwa jua, anayekwenda na kurudi kaunta kama mwenye zamu.

"Yule bwana hiyo ya ngapi?"

"Ya saba, Mama, kama sijapotea."

"Analipa?"

"Halipi. Ana bangili kama yetu."

Akanyamaza. Mamdogo akacheka peke yake, anamjua dada yake.

"Na sisi tumelipa sawasawa na yeye?"

"Huenda yeye kalipa zaidi, ni mgeni. Lakini mpango ni mmoja."

"Basi zile bia tumemnunulia sisi."

Nilitaka kumweleza kwamba haiendi hivyo, nikakuta inaenda hivyohivyo. Hoteli haijui nani atakunywa nini. Inapiga wastani wa wageni wote, inaugawa kwa vichwa, na kila kichwa kinabeba fungu lake. Mnywaji anakula faida, asiyekunywa anamchangia. Ndani ya ule ukumbi wa watu themanini hivi, watu wanne wa Tanga wasioonja pombe walikuwa ndio wafadhili wa sherehe.

Usiku ule nilitoa daftari. Mamdogo aliniambia nina ugonjwa. Lakini kwa siku zote tulizokaa niliandika kila tulichokunywa na kula nje ya milo mikuu, na bei yake kwenye orodha ya baa kama tungekuwa fulubodi. Soda 17 kwa 6,000. Juisi 14 kwa 12,000. Maji makubwa chupa 13 kwa 5,000. Kahawa na chai za nje ya milo, vikombe 9 kwa 8,000. Sahani 5 za chipsi na vitafunio vya saa kumi kwa 18,000, zote za Imran. Jumla 497,000. Tofauti tuliyolipa juu ya fulubodi, 60,000 kwa watu wanne kwa usiku tatu, ni 720,000. Tulizidisha shilingi 223,000, na hapo Imran alijitahidi kwa uwezo wake wote.

Ukiuliza kama najuta, sijui kama nitajibu kwa namba. Siku tatu sikusikia "Mama, naomba hela ya soda". Mamdogo alikuwa anaagiza juisi ya pasheni, anaonja, akiona ina sukari nyingi anaagiza nyingine bila kunitazama usoni kwanza. Hicho nacho ni kitu, na nilijua nimekilipia. Lakini wewe ambaye hunywi pombe na mkoba wako una hesabu, chukua fulubodi na ununue katoni ya maji mjini kabla hujapanda gari, ukishahakikisha hoteli inaruhusu kuingia nayo.

Tena bangili zenyewe hazifanani. Zetu zilikuwa za buluu. Asubuhi ya pili Imran aligundua kuna za dhahabu, na wenye dhahabu wanaingia kwenye ule mkahawa wa pembezoni mwa maji, wenye taa za makuti na samaki wa kuchomwa. Sisi wa buluu tulikuwa na ukumbi wa bufee, baa mbili, na ruhusa ya mkahawa wa kuagiza mara moja kwa ukaaji wote, kwa kujiandikisha siku moja kabla. Hata chupa za nyuma ya kaunta zina matabaka: vinywaji vikali vya hapahapa vimo, vya kutoka nje havimo. Baa inafunga saa tano usiku, na kuanzia saa tano na dakika moja bangili inageuka kuwa urembo.

Inanifurahisha kwamba jambo hili lilianza na shanga. Club Med, wanaotajwa kama waanzilishi wa likizo za namna hii, walianza mwaka 1950 huko Alcúdia, kisiwa cha Majorca, Hispania, watu wanalala kwenye mahema. Chakula kilikuwa ndani ya bei, lakini kinywaji cha baa baadaye kikawa cha kulipia kwa shanga za plastiki ambazo mgeni alizivaa kama mkufu. Unachomoa shanga, unapewa glasi. Nilimweleza Mama, akasema afadhali hizo shanga, mtu unaona zinavyopungua.

Chakula sitakisema sana, kilikuwa kizuri. Mama alikuwa na wasiwasi wa nguruwe. Nyama hiyo ilikuwa na kibao chake na meza yake ya peke yake, lakini Mama hakuamini koleo la kutolea nyama, akala samaki mpaka mpishi mmoja wa Makunduchi alipomjia mwenyewe, akamwamkia, akamwonyesha vyombo vinavyotengwa. Baada ya hapo alikuwa anampelekea Mama mkate wa kumimina wa moto ambao haukuwemo kwenye bufee hata kidogo. Bakshishi nayo haimo kwenye bangili, ingawa wageni wengi huamini imo. Yule mpishi nilimpa mkononi.

Mamdogo ndiye aliyekwaa kisiki cha jikoni. Tulipokwenda kwenye ule mkahawa wa kuagiza aliona kamba koche kwenye orodha, akaagiza. Pembeni ya jina kulikuwa na kinyota kidogo. Kinyota hicho kilikuwa shilingi 70,000.

Upande wa bahari, mtumbwi wa plastiki wa kupiga kasia ulikuwa bure kwa nusu saa, na miwani ya kuzamia unaazimwa. Kitu chochote chenye injini unalipia. Safari ya kisiwa cha Mnemba kuona samaki unalipia, na wale vijana wa ufukweni, mapapasi, watakuuzia kwa bei ndogo kuliko dawati la hoteli. Sisemi ukimbilie bei ndogo. Muulize kila mmoja boti ni ipi, maboya ya kuvaa ni mangapi, na ada za kuingilia zimo au hazimo.

Ila bahari yenyewe hakuna anayeweza kuitia kwenye kifurushi. Tulifika mwezi mpevu, na asubuhi ya pili, saa nne, wageni walitoka na mataulo yao wakakuta bahari haipo. Ilikuwa imekwenda huko mbali kwenye mwamba, imeacha mchanga, majani na vidimbwi. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa anamuuliza mhudumu kama jioni itarudi, kwa sauti ya mtu anayetaka kurudishiwa pesa. Mama yangu alisimama barazani ameshika kiuno. "Bamvua," akasema. "Mwezi si mnauona?" Kwa asiye wa pwani: mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa sana na kupwa sana, na pwani ile ya mashariki hupwa mbali katikati ya asubuhi, hurudi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti inapungua. Kila siku saa za maji zinasogea mbele karibu dakika 50. Anayetaka kuogelea mchana atazame kalenda ya mwezi kabla ya kutazama picha za hoteli, kwa sababu picha zote zimepigwa maji yamejaa.

Mama alivua viatu, akapandisha kanga, akashuka. Nusu saa baadaye nilimwona kwa mbali ameinama na wanawake watatu wa kijijini wanaotafuta chaza na pweza, wanazungumza kama waliosoma chuo kimoja. Saa saba, bufee imefunguliwa na imelipiwa, akaja kututangazia kwamba tumealikwa. Mmoja wa wale wanawake ana kibanda cha chakula nyuma ya msikiti. Tulikula wali, pweza wa nazi, mchicha na pilipili ya kusaga, watu wanne, 28,000. Kimahesabu ule mchana nililipa mara mbili. Ndio mlo ambao Imran anausimulia shuleni.

Madafu sasa. Uwanja wa hoteli ulikuwa na minazi, nilihesabu 40 nikaacha. Mama siku ya kwanza aliona kijana anafua madafu kwenye kona yenye mapambo ya makuti, akamnyooshea bangili, akapewa dafu. Jioni akachukua jingine, kesho yake la tatu. Siku ya kuondoka tuliletewa karatasi: kamba koche 70,000, kufuliwa shati za Imran 9,000, madafu matatu 15,000. Jumla 94,000. Tozo ya serikali ya kila kichwa kwa kila usiku ilikuwa mstari wake peke yake, nayo nimeiacha nje ya hesabu kwa sababu tungeilipa kwa mpango wowote.

Kamba koche Mama hakuigusa. Alishika mstari wa madafu.

"Binti, mnazi ni wenu?"

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Dafu limetoka kwenye mnazi wenu?"

Hapo binti akajikanyaga. Baadaye meneja wa zamu akatueleza kwa adabu: nazi za minazi ya bustani huanguliwa zikiwa ndogo ili zisiwaangukie wageni kichwani, madafu yanaletwa kila asubuhi na mtu wa nje anayelipwa kwa idadi, kwa hiyo hoteli haikuyaingiza. Maelezo yaliingia akilini kabisa. Mama alilipa kutoka kwenye pindo lake mwenyewe, akakataa nisaidie, na mpaka leo dafu la 5,000 ni kipimo chake cha ughali. Juzi kaulizia bati, akasema, "Bei ya madafu ya Kiwengwa."

La mwisho ni saa. Kifurushi kinaanza unapopokewa, na bufee ya mchana ilikuwa inafunga saa tisa. Sisi tuliwahi kwa sababu tulipanda boti ya saa moja asubuhi Dar, na gari la kutoka bandarini lilikuwa juu yetu, hilo nalo halikuwemo. Siku ya kuondoka chumba kilitakiwa saa nne asubuhi na bangili ilikufa saa sita. Boti yetu ilikuwa ya jioni. Saa sita na robo Imran aliomba soda akaambiwa ni 6,000, akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Binamu, ukisoma haya, wewe na pasipoti yako ya Oman una jingine: mgeni wa kutoka ng'ambo anatakiwa kuwa na bima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Hiyo hoteli haihusiki nayo, iweke kando. Na kama mtakaa Nungwi au Paje, ambako ukitoka getini kuna pa kula kila hatua, hafubodi inawatosha. Usiku mnaolala Mji Mkongwe msinunue zaidi ya chai ya asubuhi, Forodhani ipo na vyakula vyake vya usiku. Kila kitu ndani kichukueni mahali ambapo nje ya ukuta hakuna duka, na mkiwa na vijana wanaokunywa soda kama Imran.

Ujumbe ninaoutuma hotelini siku hizi nimeuweka hapa, uunakili: "Habari. Kabla sijalipa naomba mnijibu kwa maandishi. Vinywaji vipi vimo, kwa majina? Mpango unaanza saa ngapi siku ya kuingia na unaisha saa ngapi siku ya kutoka? Baa inafunga saa ngapi? Mikahawa mingapi tunaruhusiwa, na vyakula gani vina nyongeza? Mtoto ni mtoto mpaka miaka mingapi? Usafiri wa kutoka bandarini au uwanja wa ndege umo? Michezo ipi ya majini imo? Tozo za serikali zimo au tutalipa hapo? Madafu yamo?"

Binamu aliutuma juzi kwa hoteli aliyoichagua. Wamejibu haraka na vizuri, maswali manane kati ya tisa. La madafu wamelinyamazia.